Data zilizobanwa huchelewa wapi? Namna ya kumtafuta anayezishikilia njiani

ABIRIA anayetoka mjini Kondoa kwenda Kolo hana safari ndefu. Ni umbali usiofika kilomita 30 kuelekea kaskazini, na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilipozinduliwa Aprili 2018, mwendo wenyewe ni wa muda mfupi. Hata hivyo, abiria huyo anaweza kukaa stendi saa nzima kwa sababu gari dogo la abiria haliondoki mpaka lijae. Akichelewa kufika, kosa si la barabara.

Jambo hilohilo huzipata data zinazosafiri katika intaneti, hususan zile zinazotumwa kidogo kidogo bila kukoma, huku zikiwa zimebanwa ili kupunguza ukubwa wake. Mtumiaji hukaa mbele ya simu au kompyuta akisubiri, kisha habari za nusu saa humwagika kwa mkupuo mmoja. Lawama ya kwanza huelekezwa kwa kampuni ya simu au kwa umbali wa kijiji. Mara nyingi lawama hiyo haina haki.

Kolo inafahamika duniani kwa michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini wengi wa wakazi wa eneo hilo ni wakulima, na bei ya mbaazi au alizeti ina uzito kwao kuliko sifa za michoro. Chukulia kuwa mnunuzi wa mbaazi ameegesha lori kando ya barabara kuu, na mkulima aliye mbele yake anasubiri kuambiwa bei. Wote wawili wanategemea ukurasa mmoja wa simu unaoletewa bei mfululizo kutoka seva iliyoko Dar es Salaam. Bei ikipanda saa nne kamili asubuhi na ukurasa ukaionyesha saa tano na dakika nane, mkulima atakuwa amekwisha kuuza kwa bei ya zamani, na magunia yamekwisha kupakiwa.

Je, umbali unaweza kuleta ucheleweshaji wa kiasi hicho? Hesabu inakataa. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Kolo ni kilomita 600 na ushee kwa barabara, umbali ambao mwanga huumaliza kwa zaidi kidogo ya sehemu tatu za elfu za sekunde. Hata katika zama zile ambazo intaneti ya Tanzania ilitegemea satelaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000, kabla ya waya wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009 na ule wa EASSy kufuatia mwaka 2010, safari ya kwenda na kurudi ilichukua takriban nusu sekunde au zaidi kidogo. Dakika 68 haziwezi kuelezwa kwa umbali.

Mtandao wenyewe nao huharibika, na unapoharibika hujulikana. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa pamoja, watumiaji wa Tanzania na nchi jirani walikwama kwa kila kitu, kuanzia barua pepe hadi picha na miamala. Hitilafu ya namna hiyo haichagui ukurasa. Pale ambapo kurasa nyingine zote zinafunguka upesi na mkondo mmoja tu ndio unaokawia, sababu iko kwingine.

Ili kuielewa sababu hiyo, ni vema kutazama kwanza data mfululizo ni nini. Katika matumizi ya kawaida ya itifaki ya HTTP, kivinjari huomba ukurasa, seva huutoa wote, na shauri hilo huisha. Katika data mfululizo, seva huacha jibu wazi na kuendelea kutuma kila jambo linapotokea. Toleo la HTTP/1.1, lililotolewa mwaka 1997 na kurekebishwa mwaka 1999, liliruhusu jibu kutumwa vipande vipande bila kutaja mapema urefu wake wote. Kwa njia hiyo zimekuwa zikisomwa bei za masoko, matokeo ya mechi na kumbukumbu za mitambo. Wasomaji wengi wa mijini wameufahamu mtindo huo tangu mwishoni mwa mwaka 2022 bila kuujua kwa jina, kwani ndio unaoyafanya majibu ya programu za akili mnemba yatokee neno baada ya neno. Jibu la aina hiyo likikaa kimya kisha likajitokeza lote kwa pamoja, huenda mahali fulani njiani pana mtu aliyengoja gari lijae.

Ubanaji unaotumika sana katika HTTP ni gzip, ulioanzishwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992. Ndani yake mna mbinu mbili zilizoutangulia. Ya kwanza inatokana na kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya mwaka 1977: maneno yaliyokwisha kupita hayaandikwi upya, bali huwekwa agizo fupi la kurudi nyuma umbali fulani na kunakili herufi kadhaa. Kumbukumbu ya kurudi nyuma hufika kilobaiti 32. Ya pili ni ya David Huffman, ya mwaka 1952: alama inayotokea mara nyingi hupewa msimbo mfupi, na ile adimu hupewa mrefu.

Kiini cha ucheleweshaji kimo katika mbinu hiyo ya pili. Programu haiwezi kujua ni alama ipi inayojirudia mno kabla haijaona alama nyingi, kwa hiyo huzikusanya kwanza, ndipo ifunge fungu na kulitoa. Mahali pa kukusanyia huitwa bafa. Katika maktaba ya zlib, kazi ya watu haohao wawili na inayotumiwa na programu zisizo na idadi, fungu hilo kwa mpangilio wa kawaida hubeba takriban alama 16,000. Huu si uzembe wa mafundi. Gzip ilitengenezwa kwa ajili ya mafaili, na faili lina mwisho unaojulikana. Hakuna aliyekuwa akilisoma huku likiandikwa.

Ikumbukwe pia kwamba alama moja si herufi moja. Agizo moja la kunakili linaweza kusimama badala ya baiti hadi 258. Chukulia basi kwamba kila ujumbe wa bei una baiti 200: jina la zao, soko, kipimo, tarehe, saa na kiasi cha shilingi. Kwa kuwa kila ujumbe unafanana na uliotangulia isipokuwa tarakimu chache, baada ya kubanwa unaweza kubaki alama 20 tu. Itabidi zipite jumbe zaidi ya 800 ndipo fungu lijae. Ukija ujumbe mmoja kila baada ya sekunde tano, zitapita dakika 68, na hapo ndipo ilipotoka saa tano na dakika nane ya mnunuzi wa Kolo. Kinaya chake ni kwamba kadiri data zinavyobanika vizuri, ndivyo zinavyokawia. Mkondo wenye habari nyingi zisizofanana hujaza fungu upesi na huonekana mzima. Mkondo mtulivu wa bei za mazao ya kijijini ndio unaoumia.

Programu ya kubana si peke yake inayohodhi. Kati ya seva na msomaji huwapo proksi, yaani seva za kati zinazopokea na kupeleka mbele, nazo zina bafa zake. Kwenye upande wa msomaji ipo programu ya kufungua data zilizobanwa, na juu yake ipo inayokata maneno mstari kwa mstari. Kila mmoja anaweza kuwa ndiye anayesubiri. Kutengeneza kwa kubahatisha, kama inavyofanyika mara nyingi, ni kupoteza muda, kwa sababu kurekebisha bafa moja huku nyingine ikiendelea kushikilia hakuonyeshi mabadiliko yoyote, na fundi huhitimisha kimakosa kwamba alichogusa hakikuwa na kosa.

Dalili zenyewe husema mengi kwa anayezisikiliza. Ucheleweshaji wa sehemu ya sekunde unaofanana kwa kila ujumbe ni wa mtandao, au wa utaratibu wa TCP unaojulikana kwa jina la John Nagle, aliyeueleza mwaka 1984, ambao husubirisha vipande vidogo hadi vile vilivyotangulia vithibitishwe kupokewa. Huo hauui biashara. Jumbe zinazokuja kwa mikupuo mikubwa, kisha kimya kirefu, kisha mkupuo mwingine, ni dalili ya bafa inayojaa na kumwagwa. Endapo hakuna kinachoonekana kabisa mpaka muunganisho ukatwe, ndipo kila kitu kijitokeze, kuna proksi inayongoja jibu likamilike. Na iko dalili moja ya ajabu kuliko zote: kila ujumbe hufika barabara, lakini ni pale tu unaofuata unapotumwa. Msomaji huyo daima yuko nyuma kwa hatua moja. Hilo, kwa kawaida, ni kosa la upande wake mwenyewe.

Baada ya dalili, hufuata jaribio la kwanza, ambalo ni rahisi na linapaswa kutangulia mengine yote. Msomaji huomba data zilezile bila kubanwa, kwa kutuma kichwa cha ombi kinachosema Accept-Encoding: identity. Endapo kukawia kutaendelea vilevile, gzip haihusiki na macho yaelekezwe kwa proksi au kwa seva yenyewe. Endapo kutakoma, mkosaji ni mbanaji au mfunguaji, na yamebaki maswali mawili badala ya kumi.

Jaribio la pili huwatenganisha hao wawili. Data huombwa zikiwa zimebanwa, lakini hazifunguliwi. Kinachotazamwa ni saa ambayo baiti mbichi zinawasili. Programu ya curl inafaa kwa kazi hiyo, mradi ipewe alama ya -N ili yenyewe isihodhi kile inachoonyesha, pamoja na --trace na --trace-time, zinazoandika kila kipande kilichopokewa na saa ya kuwasili kwake. Baiti zikiwasili kila ujumbe unapotoka, huku programu ya msomaji ikiwa kimya, kosa ni la msomaji. Zisipowasili, kosa liko juu yake.

Katika kuzitazama baiti hizo ziko alama mbili za kukumbuka. Mkondo wa gzip huanza na 1f 8b, na kichwa chake cha kawaida kina baiti 10. Pale ambapo kichwa hicho kinafika mara moja kisha kukawa kimya, mbanaji ameanza kazi ila hajaambiwa atoe alichonacho. Alama ya pili ni 00 00 ff ff. Hizo ni baiti ambazo zlib huziacha kila inapoamriwa kumimina kilichomo bila kusubiri fungu lijae. Zikionekana karibu na mwisho wa kila kipande, seva inatimiza wajibu wake. Zisipoonekana kamwe, tiba imejulikana.

Tiba hiyo ni amri ya kumimina kila baada ya ujumbe, ambayo katika zlib huitwa Z_SYNC_FLUSH. Gharama yake ni baiti chache kwa kila ujumbe, na kumbukumbu ya kilobaiti 32 hubaki palepale, hivyo ujumbe unaofuata bado hunufaika na kufanana na uliopita. Wapo wanaochagua Z_FULL_FLUSH kwa kudhani kwamba iliyo kali zaidi ndiyo bora. Hiyo hufuta kumbukumbu yote, na ubanaji huanza upya kila mara. Kwa jumbe fupi, faida ya kubana hutoweka karibu yote.

Wanaotumia lugha ya Java wanastahili onyo la pekee. Kwa miaka mingi, darasa la GZIPOutputStream lilikuwa na amri ya flush ambayo haikumgusa mbanaji aliye ndani. Ilimwaga tu kile kilichokwisha kutoka kwake. Fundi aliandika amri, akaamini imetekelezwa, na data zikaendelea kukaa. Toleo la 7, la mwaka 2011, liliongeza uwezekano wa kuomba umiminaji wa kweli wakati wa kuunda darasa hilo. Lakini ni lazima kuomba. Asiyeomba hupata tabia ya zamani.

Upande wa kusoma katika Java ndiko inakozaliwa ile dalili ya kuwa nyuma kwa hatua moja. Programu inayogeuza baiti kuwa herufi hujaribu kuwa na adabu: ikishapata kiasi fulani, huuliza kama kuna kingine tayari, kama hakuna, humpa msomaji alichonacho. Swali hilo humfikia mfunguaji wa gzip, ambaye kwa mujibu wa maelezo yake rasmi hujibu 1 daima mpaka mkondo uishe, yaani hudai kwamba bado kuna kitu hata pasipo na kitu. Mgeuzaji huamini, hurudi kuchukua, na kukwama hapo akisubiri ujumbe ambao haujatumwa, ilhali mkononi ameshika ule ambao mnunuzi anauhitaji. Jibu moja lisilo la kweli, la tarakimu moja, limewakosesha usingizi mafundi wengi. Tiba ni kusoma baiti zilizofunguliwa moja kwa moja, kutafuta mwisho wa mstari kwanza, kisha kugeuza mstari mmoja mmoja kuwa herufi. Au kumfunika mfunguaji kwa darasa dogo linalojibu swali hilo kwa ukweli zaidi.

Kuhusu proksi hakuna mengi. Katika nginx, uhodhi wa majibu yatokayo kwa seva ya nyuma huwa umewashwa tangu mwanzo. Unaweza kuzimwa kwa agizo la proxy_buffering, au seva ya nyuma yenyewe inaweza kuomba usitumike kwa jibu fulani kwa kutuma kichwa cha X-Accel-Buffering: no. Njia ya pili ni bora, kwa kuwa haizigusi kurasa za kawaida, ambazo uhodhi huzisaidia. Kuthibitisha kama proksi ndiyo yenye kosa, jaribio la curl hurudiwa ndani ya seva yenyewe, bila kupitia katikati. Maofisini, baadhi ya programu za kukinga virusi nazo hushikilia jibu ili zilikague lote kabla ya kuliachia. Mkondo unaopita kwa HTTPS huziponyoka nyingi kati ya hizo, ingawa si zile zilizoruhusiwa kufungua mawasiliano yaliyofichwa.

Swali linalobaki ni kama kubana kuna haja. Kwa anayelipia data kwa vifurushi, jibu si jepesi kama linavyoonekana kwa fundi aliyeketi ofisini. Jumbe zinazofanana hupungua sana zikibanwa, na tofauti hiyo ni fedha. Kuzima gzip ili kuondoa ucheleweshaji ni kumhamishia msomaji gharama. Njia ya kati ni kukusanya jumbe za sekunde moja, kuzibana na kuzimimina pamoja; hakuna biashara ya mbaazi itakayoharibika kwa sekunde moja, na idadi ya amri za kumimina hupungua. Wabanaji wa baadaye, Brotli na Zstandard, aliyesajiliwa kwa matumizi ya HTTP baadaye, hawaondoi tatizo hili. Nao hukusanya kabla ya kutoa, na nao wana amri zao za kumimina.

Liko pia suala la mapigo. Mkondo ukikaa kimya kwa muda mrefu, vifaa vya njiani hudhani umekufa na kuukata. Nginx, kwa mfano, hungoja sekunde 60 kwa mpangilio wake wa kawaida. Kwa sababu hiyo seva nyingi hutuma mstari mtupu, au mstari wa maelezo usio na habari, kila baada ya sekunde 15 au 30. Pigo hilo nalo lazima limiminwe, la sivyo hukaa ndani ya bafa pamoja na habari zilizokwama na muunganisho hukatwa vilevile. Zaidi ya hapo, pigo huweza kuficha ugonjwa. Msomaji aliye nyuma kwa hatua moja hupata ujumbe wake pale pigo linapousukuma, na kosa la daima huonekana kama uzito mdogo wa mtandao. Ucheleweshaji unaobadilikabadilika lakini hauzidi sekunde 30 hata mara moja, katika mkondo wenye pigo la kila sekunde 30, unatosha kumrudisha fundi kwa mfunguaji wake.